Paki modeli au singo waidi ya HUD? Nina kiwanja Texas, wanataka depoziti Jumatano

Mtu_wa_Pwani_TX
Wakuu habari za wikiendi. Kuna kitu kinaninyima usingizi. Nimeona paki modeli, kile kijumba cha kiwandani chenye matairi, kwa muuzaji mmoja hapa, futi 12 kwa 33, ina lofti ya kulala, jiko safi sana mpaka friji la ukweli, wananiambia dola 74,000 pamoja na kuileta. Yadi hiyohiyo kuna singo waidi, nyumba ya kiwandani ya kipande kimoja iliyojengwa kwa kanuni za HUD (wizara ya nyumba ya Marekani), futi 16 kwa 60, bei imezidi kidogo tu ila ndani ya kawaida, haina ule mvuto. Shemeji yangu naye anasema niachane na zote ninunue shedi kubwa, banda la stoo, nimalizie mwenyewe ndani. Kwa aliyeishi kwenye hizi vitu au anayejua zinavyojengwa, ipi inadumu? Mimi nikigonga ukuta naona zote zinalia vilevile.

Bi_Mkubwa_Houston
Kiwanja kiko wapi mwanangu? Ndani ya mji au nje? Unaishi humo au unapangisha wageni? Keshi au mkopo? Maji yapo, karo la maji machafu je? Mnauliza bei ya kiatu hamsemi mguu wa nani.

Jirani_wa_Dallas
Buda 74k kwa trela?? Hiyo pesa enda ukajenge Kitengela huko Kenya, bungalow ya three bedroom na chenji inabaki.

Fundi_wa_Laini
Tuache Kitengela kwanza, mwenzetu kauliza zinajengwaje.

Nimepiga kazi kwenye laini za Elkhart, Indiana, huko ndiko RV (magari ya mapumziko) nyingi za Marekani zinakotoka. Nilianzia kwenye paki modeli, nikahamia kiwanda cha nyumba za HUD. Mjengo wa hizo mbili unafanana kuliko mnavyodhani. Inaanza chesisi, mihimili miwili mirefu ya chuma ya umbo la I, katikati vyuma vya kukatiza, pembeni vinatokeza vikono vya kubeba kingo za sakafu, chini aksele na matairi, mbele ulimi wa kuvutia. Juu yake inakuja sakafu, mbao za 2x6, mabomba yanapita humohumo, pamba ya kuzuia baridi inawekwa na chini kunafungwa lile turubai jeusi. Halafu OSB (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa) au plaiwudi inapakwa gundi na kupigwa skrubu, na mara nyingi lino, lile zulia la plastiki, inatandazwa sakafu nzima KABLA ya kuta, ndiyo maana ukija kuibadilisha unakuta kuta zimeilalia. Beseni la kuogea na kabati navyo vinatangulia ukuta wa nje. Watu wanashangaa beseni limepasuka halafu halitoki mlangoni, sasa kwani liliingilia mlangoni?

Kuta zinaungwa zikiwa zimelala mezani kisha kreni inazisimamisha. Paa ndo napenda mimi: jipsam ya dari inalazwa kifudifudi kwenye meza, kenchi zinapangwa juu yake zinashikwa na gundi ya povu, nyaya na pamba humohumo, halafu paa zima linanyanyuliwa juu juu na kushushwa kwenye kuta. Vipande vya bati vinafunga kenchi kwenye ukuta na ukuta kwenye sakafu, bila hivyo barabarani ingeachia. Mwisho wanapima maji, gesi na umeme, siku chache tu imetoka getini.

Tofauti ni sheria iliyoisimamia. Paki modeli inajengwa kwa ANSI A119.5, kiwango cha ubora cha Marekani, eneo lisizidi futi za mraba 400, na kisheria ni RV, gari la mapumziko. Hiyo yako 12 kwa 33 ni 396, unaona walivyoibania hapo? Na lofti ikiwa kimo chake hakifiki futi 5 haihesabiwi, ndo maana utapanda huko kwa magoti. Singo waidi ni kanuni ya HUD, ya serikali kuu, ipo tangu Juni 1976, na nje kuna kibao chekundu. HUD inamlazimisha mjenzi afuate upepo, uzito wa theluji na baridi ya eneo nyumba inakopelekwa.

Kwa hiyo muulize muuzaji vitu viwili. Mbao za ukuta zimepishana inchi 16 au 24? Na nyuma ya saidingi, yale mabamba ya ukuta wa nje, kuna OSB au saidingi imepigwa moja kwa moja kwenye mbao? Akianza kukuonyesha taa za jikoni, ondoka.

Mtu_wa_Pwani_TX
Shukrani sana mkuu Fundi, hii shule. Bi Mkubwa shikamoo, kiwanja ni ekari 2 mashariki mwa Texas, nje ya mji. Nusu keshi nusu mkopo. Maji ya kisima yapo.

Bi_Mkubwa_Houston
Marahaba. Umeruka swali. Utaishi humo au la? Na karo?

Mama_Wawili
Ngoja niwaambie yangu maana naona watu wanataka kununua jiko.

Sisi tulinunua paki modeli iliyotumika, mashariki hukohuko, mume wangu akasema tutakaa kidogo tukijenga. Ilikuwa nzuri, sikatai, madirisha makubwa, jua la asubuhi linaingia mpaka kwenye sinki. Jamaa aliyekuja kuiseti aliweka bloku chini ya mihimili, akafunga mikanda ya chuma kwenye nanga mbili tatu, akazungusha sketi ya vinyl nyembamba ya kuziba uvungu akaondoka zake. Basi ukaja ule mgando wa Februari 2021, mnaukumbuka, umeme ukakatika. Mabomba ya plastiki ya PEX yenyewe yalistahimili, yananyumbuka, kilichopasuka ni viungio na ile valvu ya bafu ukutani. Maji yaliporudi tukaziba kinachoonekana tukamshukuru Mungu.

Kumbe chini kiungio kimoja kinatiririsha ndani ya sakafu na maji hayadondoki nje kwa sababu ya lile turubai jeusi analosema Fundi. Linakusanya. Mimi nikawa nasikia harufu tu ya uvundo nikidhani ni mbwa. Siku moja natoka kuoga mguu ukazama, sio kuvunjika, kuzama, OSB imelainika unaweza kuichota kwa kijiko. Mume wangu akaenda uvunguni akachana turubai kwa kisu, yakamwagika maji meusi na pamba imelowa chapachapa, akatoka huko hatazamiki. Kutoka bafuni mpaka karibu na mlango wa chumba sakafu yote ilitolewa, na kama Fundi alivyosema lino imeingia chini ya kuta, beseni halitoki, ikabidi tukate saidingi kwa nje.

Sasa sikia bima. Wakauliza, mnaishi humu mwaka mzima? Ndiyo. Basi sera yenu ni ya gari la mapumziko, haihusu makazi ya kudumu, asanteni. Waliotuuzia tuliwaambia siku ya kwanza tunaenda kuishi, hakuna aliyefungua mdomo. Mpaka leo nikimwona yule muuzaji kwenye tangazo lake presha inapanda.

Jirani_wa_Dallas
Pole sana mathe. Lakini hiyo ni baridi si nyumba. 2021 hata nyumba za matofali zilipasuka mabomba Dallas, kwangu dari lilianguka kwa kitanda.

Mama_Wawili
Sijasema za matofali hazikupasuka. Nimesema ya kwako bima ilikulipa.

Jirani_wa_Dallas
Ilinilipa ndio 😂

Fundi_wa_Laini
Dada pole. Wengine mchukue kitu hapo, uvunguni ndiko nyumba inakofia. Turubai likichanika linashonwa siku hiyohiyo maana panya na unyevu havingoji, sketi iwe na matundu ya hewa, mabomba yanayopita wazi yavishwe ule mkanda wa umeme wa joto. Japo na wao umeme ulikatika kwa hiyo hata mkanda usingefanya kitu.

Mgeni_Ontario
Huku Kanada paki modeli ina kanuni yake, CSA Z241, na inaruhusiwa hadi mita za mraba 50, yenu 400 ni kama 37. Kwa hiyo ukiona ya Kanada inauzwa bei poa usikurupuke kuivusha, inaweza isiwe RV kwa sheria yenu. Halafu huku paki nyingi ni za msimu, baridi ikianza maji yanafungwa na geti linafungwa, wote nje.

Bi_Mkubwa_Houston
Nami niseme la hati maana ndilo ninalolijua. Texas singo waidi ya HUD iko chini ya TDHCA, idara ya nyumba ya jimbo, unapata hati yao ya umiliki, na ukiiweka kwenye ardhi yako unaweza kuomba ihesabiwe mali isiyohamishika pamoja na kiwanja. Hapo benki inakusikiliza tofauti. Paki modeli inaandikishwa kama trela, mkopo wake ni wa trela, miaka michache riba juu. Nje ya mji kaunti hazina sheria nyingi za mipango, watu wakisikia hivyo wanadhani ni ruksa kila kitu. Kibali cha karo watakudai. Na soma masharti ya kwenye hati ya kiwanja, viwanja vingi vilivyokatwakatwa vimekataza RV kukaa mtu. Mtu wa Pwani, nakuuliza mara ya tatu.

Mtu_wa_Pwani_TX
Nakuja Bi Mkubwa, niko kazini. Ni kuishi, mimi na mke na watoto watatu. Karo bado.

Fundi_wa_Laini
WATATU? Ndani ya 396?? Mkuu ungeanza na hilo. Zile paki modeli zinakuja na tangazo la mjenzi kwamba ni za mapumziko tu, sio makazi ya kudumu. Waliokutembeza walikuwa wamelibandua?

Mtu_wa_Pwani_TX
Kuna karatasi niliiona jikoni, nikadhani ni ya friji.

Shemeji_Mtu
Mimi ndiye shemeji anayesemwa hapa. Shedi sioni kosa lake, unapata futi nyingi kwa pesa kidogo, ndani unapanga unavyotaka, mtoto wa kiume seremala nipo.

Fundi_wa_Laini
Kosa ni kwamba haina kibao cha HUD wala ANSI, umeme na bomba hakuna aliyekagua, mbao za sakafu zimekaa juu ya magogo mawili matatu zilipangiwa kubeba mashine ya kukata nyasi. Siku ya kuuza au kukopa thamani yake ni ya stoo. Useremala wako siupingi.

Shemeji_Mtu
Nyumba zote za dunia zilianza bila kibao.

Mtanga_Florida
Shemeji usiseme hivyo ukiwa karibu na bahari. Kimbunga Andrew 1992 kilifagia hizi nyumba za kuvuta huku Florida, ndo HUD wakakaza kanuni za upepo 1994. Ukienda kuangalia singo waidi tafuta ile karatasi ya data ndani ya kabati, imeandikwa kanda ya upepo, 1, 2 au 3. Ya kanda ya 1 usiipeleke pwani hata kwa bure.

Jirani_wa_Dallas
Yeye yuko ndani ndani huko, hakuna bahari. Bado nasema Kitengela. Siku hizi kuna zile panel za EPS, za povu jeupe, nyumba inasimama haraka kuliko hizo zenu za kreni.

Mtanga_Florida
EPS si yale maboksi ya samaki? 😂 Kama ni kurudi bora Kigamboni ya Dar, upepo wa bure.

Jirani_wa_Dallas
Maboksi ya samaki yamepigwa nyavu ya waya na plasta pande zote buda, tembelea site uone. Na Kigamboni mnavuka na feri kwenda kazini, hapana.

Mtanga_Florida
Daraja lipo tangu 2016, amka.

Shemeji_Mtu
Hizo EPS unaweza kujimalizia mwenyewe?

Mama_Wawili
Mtu wa Pwani, usilipe Jumatano. Kama watu ni watano kaangalie hiyo 16 kwa 60, halafu kabla ya yote umlete mtu wa karo apime udongo, wa kwetu ulikuwa mfinyanzi mtupu tukalazimishwa mfumo wa kunyunyizia, uliotoboa mfuko kuliko sakafu.

Mtu_wa_Pwani_TX
Mke wangu kasoma uzi wote. Anasema jiko la paki modeli bado analipenda. Kuna anayejua kama kiwandani wanaweza kukuwekea jiko lile ndani ya singo waidi?

Fundi_wa_Laini
Ukiagiza mpya, kabati na kaunta unachagua kwenye katalogi, madirisha pia kwa kiasi. Ila hiyo iliyosimama yadi ndo imeshatoka. Agizo jipya utasubiri.

Jirani_wa_Dallas
Mathe wa wawili, ile paki modeli yenu mliitengeneza mkaiuza ama bado iko? Naulizia mtu wa ziwani, ni ya wikiendi tu, wallahi hataishi humo.

Mama_Wawili
Njoo inbox. Bila matairi, yaliibiwa.