Mashamba ya ngano ya Hanang: je, serikali irudie kulima yenyewe?

Mzalendo wa Babati
Kwa kuwa serikali imeanza tena kufyeka mashamba makubwa, kama lile la vijana la Chinangali mkoani Dodoma, naomba tujadili bila jazba iwapo NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, ilikosea kweli kule Basotu, wilayani Hanang. Shirika hilo, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika ekari zipatazo laki moja. Nchi inayonunua ngano kwa fedha za kigeni haiwezi kuacha pori tupu likae bure eti kuna watu hupita humo na ng'ombe wao.

Mwana Datoga
Ndugu, la fedha za kigeni nakuachia. Hilo la "pori tupu" halinipiti kooni. Mabonde yenye rutuba, tunayoyaita muhajega, ndiyo yaliyokuwa malisho bora ya sisi Wadatoga, wafugaji wa huko, nasi tuliyaacha sehemu ya mwaka kwa makusudi ili nyasi zichipue. Humo humo yalikuwamo makaburi ya wazee wetu, vichuguu vya udongo ambavyo maziko yake huchukua miezi, na trekta zikayalima. Mpita njia hajengewi kaburi la namna hiyo.

Mzalendo wa Babati
Pole kwa makaburi, mzee wangu, lakini tusigeuze hoja ya uchumi kuwa matanga. Ipo kesi ya miaka ya themanini, jina limenitoka, ambayo wanakijiji walishindwa. Sheria ilishasema.

Wakili Mstaafu
Ni kesi ya NAFCO na Kijiji cha Mulbadaw. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa kuwa halmashauri ya kijiji haikuonyesha kuwa iligawiwa ardhi hiyo, na wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na mkoloni. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila huko Hanang. Kama haki hizo hazikuwapo, amri ilifuta nini? Mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama hiyo hiyo ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Mama Katesh
Yaani Mbarbaig, Mdatoga wa huku kwetu, athibitishe kuwa ni mwenyeji wa Hanang, na mgeni kutoka Kanada asiulizwe kitu? Na wewe wa Babati, babu yako alithibitisha wapi?

Mzalendo wa Babati
Dada, babu yangu usimguse. Alifungua shamba kwa jembe la mkono na hakumfukuza mtu.

Mwana Datoga
Hakufukuza, ila ng'ombe wakikanyaga mahindi yake nani alilipa faini? Na wakikanyaga ngano ya shirika, ni nani aliyekamatwa?

Wakili Mstaafu
Waheshimiwa, babu hakuwa na hati ya serikali mkononi. NAFCO ilipokufa, baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa wananchi na mengine yakabaki kwa ngano. Swali la leo ni kama mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inautambua, husikilizwa kabla greda halijaingia shambani au baada ya hapo.

Mzalendo wa Babati
Nitajibu hilo la mkutano. Kwanza Mama Katesh aondoe lile neno juu ya babu yangu.