Tupeane uzoefu: kifaa cha injini ulichokibadilisha mwenyewe nyumbani, na kilichokiua

Kimara Mwisho

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya watu waliofungua injini zao wenyewe, uani au chini ya mwembe, wakabadilisha kifaa kilichokufa. Ombi langu ni moja: usiishie kutuambia ulifunga nini, tuambie na kile cha zamani kilikufa kwa sababu gani. Mimi nimebadilisha pampu ya maji mara mbili kwenye gari moja ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa mara ya kwanza sikujiuliza swali hilo.

Gari ni Corolla ya 2003, injini 1NZ. Tulikuwa tunakwenda Iringa, familia yote ndani. Tulipoiacha Mahenge na kuanza kupanda Kitonga, mshale wa joto ukaanza kuinuka. Nikazima kiyoyozi, nikafungulia hita hadi mwisho ili injini ipumulie ndani ya gari. Jua lilikuwa kali na watoto walilia, lakini mshale ulirudi kidogo. Tulifika Ilula baada ya kusimama mara tatu.

Tuliporudi nyumbani nilimulika tochi upande wa mikanda, nikaona michirizi ya ukoko mweupe inashuka kutoka chini ya puli ya pampu. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shafti yake. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Ukiona unyevu au ukoko kwenye tundu hilo, pampu imekwisha hata kama beringi bado haijapiga kelele. Yangu nilipoishika puli na kuitikisa, ilicheza.

Kazi yenyewe ilinichukua Jumamosi nzima. Nafasi kati ya injini na bodi ni finyu, mkono unapita kwa shida. Jambo lililonisaidia sana: legeza boliti za puli ya pampu mkanda ukiwa bado umekaza, maana mkanda ndio unaokushikia puli isizunguke. Ukishautoa mkanda kwanza, utahangaika nayo. Kwenye gari langu mkanda unalegezwa kwa kusogeza alternata. Gasketi ya zamani, ule utando wa kuziba maungio, niliikwangua kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, kwa kuwa blok ni ya alumini na mkwaruzo mmoja tu unatosha kuvujisha.

Nikafunga pampu mpya, nikajaza maji, nikafurahi. Miezi minane baadaye ukoko ukarudi palepale.

Safari hii nilipoichomoa nikaitazama kwa ndani. Mapanga yake yalikuwa yameliwa kingo, na kwenye njia za maji mlikuwa na tope la kahawia. Nilikuwa naongezea maji ya kisima chetu, yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Maji yale yalikuwa yanakula alumini na kuacha uchafu unaosaga sili ya pampu. Nilisafisha mfumo kwa maji ya kawaida, nikawasha, nikamwaga, nikarudia mara tano hadi yakatoka meupe. Kisha nikajaza kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji ya betri nusu, yale yasiyo na asidi. Huu ni mwaka wa tatu na tundu ni kavu.

Karibuni.

Dada wa Area D

Asante kaka kwa kutukumbusha chanzo. Kisa changu ni koili ya plagi, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuchoma mafuta.

Niko Dodoma, natumia IST. Asubuhi moja gari likaanza kutikisika likiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, taa ya cheki injini ikawaka. Fundi wa kwanza aliniambia ninunue koili zote nne na plagi zote nne. Sikuwa na hela hiyo. Nikanunua kile kifaa kidogo cha kupimia kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Kikasoma P0302, yaani silinda ya pili haichomi.

Hapo nilifanya jaribio ambalo kila mwenye gari la koili nne anaweza kulifanya. Nilitoa koili ya silinda ya pili nikaihamishia ya tatu, na ya tatu nikaileta ya pili. Kila koili imeshikwa na boliti moja ya namba 10. Nikafuta kosa, nikawasha, nikazunguka mtaani. Taa ikawaka tena na sasa ikasoma P0303. Kosa limeifuata koili, kwa hiyo mbovu ni koili yenyewe, si plagi wala nozeli. Nikanunua moja tu.

Lakini nilipoichomoa ile mbovu, mguu wake wa mpira ulikuwa umeloa oili. Nikamulika ndani ya tundu la plagi, nikaona oili imetuama chini. Gasketi za kava la juu la injini zilikuwa zimekauka kama gamba, oili inashuka kwenye tundu na kuulainisha mpira wa koili hadi umeme unatorokea pembeni. Ningefunga koili mpya bila kugusa gasketi, nayo ingekufa vilevile. Nilizibadilisha siku iliyofuata. Nilipaka silikoni kidogo tu kwenye zile pembe mbili ambapo kava la cheni linakutana na hedi (kichwa cha injini), kwingine kote gasketi ilikaa kavu.

Kabla hujachomoa plagi, nyonya au futa oili yote iliyo kwenye tundu. Ukichomoa kwanza, inaingia kwenye silinda.

Mtu wa Nyakato

Mimi naongelea nguvu ya mkono. Nilifunga kava la juu la Noah kwa spana ndefu, nikakaza mpaka nikasikia imekubali. Haikuwa imekubali, uzi wa alumini ulikuwa umeliwa. Boliti ndogo za namba 10 zinahitaji kama nyutoni mita 10 tu, ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Ilibidi nitafute mtu wa kutoboa upya na kuweka uzi wa springi ya chuma. Umeshika hadi leo, lakini tangu siku hiyo sifungi boliti ya injini bila toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Hiki ndicho chombo cha kwanza cha kununua, kabla hata ya seti kubwa ya soketi.

Mvita

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Gari langu lilikuwa lachemka kwenye foleni ya feri Likoni, na nikishavuka nikaenda mwendo mzuri kuelekea Ukunda joto larudi chini. Niliambiwa rejeta imeziba, nikaambiwa gasketi ya hedi imeungua. Lakini hebu fikirini: gari likichemka limesimama na likapoa likitembea, kinachokosekana ni upepo. Likichemka ukiwa mlimani au mwendo kasi, hapo ndipo uishuku rejeta, pampu au maji kupungua.

Niliwasha kiyoyozi gari limesimama, feni haikuzunguka. Nikachomoa plagi ya nyaya za feni, nikaipa umeme moja kwa moja kutoka betri kwa nyaya mbili, kimya. Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka. Hiyo ni dalili ya kaboni zilizoisha, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Niliifungua mota juu ya meza ya jikoni, nikakuta kaboni moja imebaki kama ukucha. Nikatia mpya, nikasafisha shaba kwa msasa laini, basi. Kilichoziua ni umri na vumbi, na hewa yetu ya chumvi nayo haisaidii.

Ukifanya jaribio hili weka mikono mbali. Feni za magari mengi zaweza kujiwasha hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hivyo chomoa plagi yake kwanza.

Nakuru Asubuhi

Wadau, mimi kisa changu ni cha kurudisha kitu kilichotolewa. Nilinunua Probox, na kila asubuhi ilichukua nusu saa kupata joto, hita haifanyi kazi, na mafuta inakunywa vibaya. Nilipofungua nyumba ya themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata joto, nikapata ni tupu. Fundi wa jua kali wa mwenye gari wa kwanza aliitoa "ili isichemke."

Watu wengi wanaamini themostati ni kizuizi tu. Injini isipofika joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani bado ni baridi, na mafuta hayo yanaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kabla ya kufunga mpya niliipima jikoni. Iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, upashe polepole. Yangu imeandikwa 82, na ilianza kufunguka hapo hapo. Hapa Nakuru kwa sababu ya mwinuko maji yanachemka kabla ya kufika 95, lakini bado kuna nafasi ya kutosha kuiona ikifunguka. Ile yenye kitundu cha kupitisha hewa, kitundu kikae juu.

Bunju

Yangu ni fupi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mimi nilifungua kwa kitambaa, maji yakaruka hadi kifuani. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mtu mzima, alinisimamisha chini ya bomba dakika ishirini nzima na kuwazuia waliokuwa wanakuja na dawa ya meno. Hospitali waliniambia maji yale ya bomba ndiyo yaliyonusuru ngozi.

Raum ya Shemeji

Shikamooni wakubwa. Mimi sina kisa bado, nina tatizo. Raum yangu inapoteza maji, kama lita moja kwa wiki. Chini hapadondoki kitu. Asubuhi inatoa moshi mweupe na inamisi (inakatakata) kwa dakika moja kisha inatulia. Nifungue nini kwanza?

Fundi Mstaafu

Marahaba mdogo wangu. Usifungue kitu bado.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, toa mfuniko wa rejeta, jaza hadi mdomoni, washa. Hewa kidogo mwanzoni si neno. Ukiona mapovu yanakuja mfululizo hayakomi, na yanaongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kisha chomoa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake. Ile iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, hiyo silinda inakunywa maji. Tazama na oili kwenye kijiti: ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena.

Ikithibitika ni gasketi ya hedi, nakwambia ukweli: kwenye 1NZ hedi haitoki mpaka kava la mbele lifunguliwe na cheni itolewe. Inawezekana kufanyika nyumbani, nimeifanya chini ya miti mara nyingi, lakini usiifanye peke yako. Boliti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi, ukianzia za pembeni kuja katikati, kidogo kidogo. Kukaza ni kinyume: katikati kwenda pembeni, nyutoni mita 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo tena. Boliti hizo huvutika zikikazwa, kwa hiyo usirudishe zilizorefuka.

Na hedi ikishatoka, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, pande zote na kwa mshazari, uchomeke fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwisho ni milimita 0.05. Ikizidi hapo peleka kwa wachongaji. Wengi wanaweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, na gari linarudi baada ya mwezi.

Halafu ujiulize swali la mwenye mada. Gasketi haiungui bure.

Raum ya Shemeji

Mzee, nimefanya. Mapovu ni mengi, na plagi ya silinda ya tatu ni nyeupe safi. Oili iko sawa. Nimempata kaka mmoja mtaani aliyewahi kufanya kazi gereji, tutaanza Ijumaa. Nimepata vigingi vinne vya chuma vya kuegeshea gari, jeki peke yake siiamini.

Kimara Mwisho

Piga picha ya kila waya na kila mpira kabla ya kuchomoa. Na boliti zichomeke kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Tunasubiri.

Raum ya Shemeji

Wakuu, nimerudi. Imechukua siku tisa, nyingi zikiwa za kusubiri.

Hedi ilikuwa imepinda, geji ya 0.10 ilipita katikati bila kubanwa. Wachongaji waliisawazisha na kuipima kwa presha ya maji, haina ufa. Gasketi ilikuwa imekatika kati ya silinda ya tatu na njia ya maji, mstari mweusi unaonekana kwa macho.

Chanzo tulikipata kwenye kitu ambacho sikuwahi kukitazama: mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa mgumu umepasuka. Yule kaka alinieleza kuwa mfuniko ndio unaoshika shinikizo, na maji yakibanwa yanachelewa kuchemka, yanaweza kupita nyuzi 100 kwa mbali. Wangu ulikuwa haubani. Maji yalikuwa yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na hayarudi, mimi naona chupa imejaa nadhani mambo ni mazuri, kumbe juu ya hedi ni pakavu. Nimenunua mpya yenye namba ile ile ya zamani, na themostati mpya, na oili tumemwaga ingawa ilionekana safi.

Tumekaza kama mzee alivyoelekeza. Injini tuliizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata, alama zikarudi mahali pake. Tukajaza kulanti polepole, hita wazi, tukiminya mipira ya maji hadi hewa ikaisha.

Tumewasha leo saa kumi jioni. Hakuna mapovu. Nimekaa pembeni ya gari kwa dakika arobaini: feni ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Mpira wa juu wa moto, wa chini wa moto. Moshi hakuna.

Fundi Mstaafu

Vizuri sana mwanangu. Kesho asubuhi likiwa baridi fungua mfuniko utazame kiwango, na keshokutwa tena.