Reli ya modeli ya kikundi hapa Mwanza: HO, N au 1:64? Chumba kimoja au vipande vya kubeba?

Ngosha_Reli

Habari za jioni wakuu. Tuko sita: wawili Nyegezi, wawili Igoma, mmoja Kirumba, na mimi Buhongwa. Miaka miwili sasa kila Jumapili tunaendesha treni kwenye meza ya sebuleni kwangu, duara la HO la mita mbili na nusu kwa moja na robo. Limetufundisha mengi, ila treni inajikimbiza mkia tu. Tumekubaliana tujenge kitu kikubwa: bandari ya Mwanza Kusini, stesheni ya mjini, halafu Fela, Malampaka, Shinyanga hadi Isaka.

Tumekwama kwenye mawili. La kwanza ni kipimo. Vichwa na mabehewa tuliyonayo ni HO, yaani 1:87 (mara 87 ndogo kuliko halisi), reli yenye upana wa milimita 16.5. Wengine wanataka N, 1:160, reli ya milimita 9, kwa sababu ya nafasi. Nimepiga hesabu: Mwanza hadi Isaka kwa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni kilomita 249. Ukitaka umbali kamili kwa HO unahitaji kilomita 2.9 za reli, kwa N kama kilomita 1.6. Kufupisha ni lazima, swali ni kufupisha kiasi gani.

La pili ni mahali. Mjomba wa mwenzetu mmoja ametupa stoo Igoma, mita saba kwa nne, tuitumie bure. Naona tujenge humo mara moja, ikae. Wengine wanataka moduli, kila mtu atengeneze kipande chake nyumbani, tukikutana tunaunga. Waliowahi kufanya hivi, tusaidieni.

Mstaafu_Karakana

Vijana, hamjambo. Nimetumikia reli zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kati ya Tabora na Mwanza, kwa hiyo nitasema la kazi kwanza kabla ya la meza.

Amueni mnajenga reli ipi. Ile iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora ni ya upana wa mita moja. SGR ni milimita 1435. Ukiweka kichwa chetu cha zamani juu ya reli ya HO ya 16.5, umekiweka juu ya SGR, na aliyekaa karakana ataona palepale kwamba magurudumu yametanuka. Reli ya mita moja kwa 1:87 inatakiwa iwe milimita 11.5, ndiyo maana wenzetu wa Ulaya hutumia ya 12 na kuiita HOm. Kwa N ni 6.25, nao hutumia ya 6.5.

Jingine. Utamu wa reli yetu ni kwamba njia ni moja. Treni ya mizigo inapanda, ya abiria inashuka, na hakuna pa kupishana isipokuwa stesheni. Dereva hatoki bila kibali cha njia. Nimekaa Malampaka usiku mzima nikisubiri kibali, na ule usiku ndio ninaotaka muujenge. Kati ya stesheni na stesheni paachwe umbali wa kutosha, ili treni ikiondoka ipotee machoni mwa mkuu wa stesheni. Stoo ya mita saba haina umbali huo kwa HO.

BintiNyegezi

Shikamoo mzee, na asante kwa hilo la kibali. Naomba tulifanye kweli, tuandike kwenye vikaratasi.

Mimi ni wa N na ninazo moduli nne za mtindo wa T-Trak. Kila moja ina upana wa milimita 308 na inakaa juu ya meza yoyote. Reli zake ni zile za kubana zenye kitako cha plastiki, unasukuma zinashikana. Nne zote zinaingia kwenye boksi moja la katoni, nakaa nalo mapajani kwenye daladala kutoka Nyegezi hadi mjini. Tukipata meza za shule au za ukumbi, kwa robo saa treni inatembea. Behewa la mita 26 kwa N ni sentimita 16 na robo, kwa HO ni 30. Treni ya SGR ya mabehewa sita inakaa kwenye stesheni yangu bila kutoka nje ya jukwaa.

Ubaya nao nautaja. N haivumilii uchafu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi waliingia dirishani usiku mmoja nikiwa nimeacha taa inawaka, asubuhi nikakuta reli zote zina utando. Kichwa kidogo hakina uzito wa kukandamiza gurudumu, kikikuta utando kinasimama. Nilifuta kwa kitambaa chenye spiriti kuanzia saa mbili hadi saa sita.

Seremala_Igoma

Nazungumzia stoo, kwa sababu makosa haya niliyafanya mimi mwenyewe kabla ya kujiunga na hawa wenzangu. Nilijenga meza ya mita nne isiyobanduka, nikatumia MDF, ubao wa unga wa mbao, kwa kuwa ni laini na inakatika vizuri. Masika yalipokuja bati likavuja mahali padogo tu. MDF ilinywa yale maji ikavimba kama andazi, reli zikainuka, pointi mbili (njia panda za reli) zikapasuka. Meza ilikuwa kubwa kuliko mlango, nikaikata kwa msumeno ili niitoe. Miezi kumi ya kazi.

Tangu hapo najenga kwa vipande. Fremu ni paini ya Mufindi iliyokauka vizuri, juu plaiwudi ya milimita 9, na naipaka rangi pande zote, chini pia, maana unyevu wa ziwa huingia upande ulioachwa mtupu. Wengi wanalaumu joto la bati kwa reli kupinda. Joto lina mchango, lakini mbao inayonywa unyevu hutembea zaidi kuliko reli. Acheni upenyo mdogo kwenye maungio, unene wa kadi ya simu unatosha.

Ncha za vipande ndipo penye kazi. Toboeni mbao zote za ncha kwa kifaa kimoja cha kuongozea keekee, msipime kila mtu na tepu yake. Boliti za milimita 8, tundu la milimita 10, ili kuwe na nafasi ya kusogeza hadi reli zilingane kwa kupapasa na kidole. Macho yanadanganya hapo, kidole hakidanganyi.

Stoo ya mjomba tuichukue, ila iwe ghala na mahali pa kukutania. Siku bati likivuja au mjomba akiihitaji, tunafungua boliti tunahama.

Reli_Kisumu

Hamjambo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Sisi huku reli ilitufikia mwaka 1901, nayo ni ya mita moja kama yenu ya zamani, kwa hivyo shida yenu tumeipitia.

Kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa: 1:64. Gawanya milimita 1000 kwa 64 unapata 15.6. Reli ya HO ni 16.5. Tofauti haifiki milimita moja, na jicho halioni. Watu wa Afrika Kusini, ambao reli yao ni ya milimita 1067, wameitumia hesabu hii siku nyingi, maana 1067 kwa 64 ni 16.7. Maana yake reli zenu zote, pointi zenu zote na mota zenu zote za HO zinabaki na kazi. Mnachobadilisha ni bodi peke yake.

Chasi ya HO ya kichwa cha Kimarekani cha ekseli sita ina urefu wa karibu sentimita 24. Kwa 1:64 hiyo ni mita 15 na kitu, na huo ni karibu na urefu wa vichwa vya dizeli vya reli ya mita moja. Mimi hukata bodi kwa plastiki ya mabango ya matangazo yaliyotupwa, nagundisha, napiga msasa, napaka. Halafu magari! Vile vigari vya chuma vya watoto vinavyouzwa sokoni, vingi viko karibu na 1:64. Stendi yako ya daladala inajaa kwa pesa kidogo sana. Kwa HO au N, gari moja unaliagiza ng'ambo.

Nafasi ndiyo unayolipa. Behewa la mizigo la mita 12 linakuwa sentimita 19 karibu. Kichwa na mabehewa manane ni mita moja na robo tatu. Lakini kwa vipande, kama alivyosema seremala, nafasi si ya chumba kimoja tena.

Ngosha_Reli

Ndugu wa Kisumu, hesabu yako nimeirudia mara tatu usiku na imenikosesha usingizi kwa furaha. Na SGR je? Na meli ya mabehewa? Bila meli Mwanza Kusini siyo Mwanza Kusini.

Reli_Kisumu

SGR kwa 1:64 ingetaka reli ya milimita 22, kwa hivyo hapo hapana. Mwachie dada wa N, atengeneze yake ijitegemee. Msichanganye vipimo viwili katika mandhari moja.

Meli ndiyo zawadi yenu. Treni yoyote ya modeli inahitaji mahali pa kutokea na kupotelea, na watu huficha reli nyuma ya ukuta kwa ajili hiyo. Ninyi mna MV Umoja. Jengeni sitaha yake iwe ubao wenye njia tatu, unaobebeka na watu wawili. Mabehewa yakisukumwa ndani, mnaichomoa, mnaipeleka kwenye rafu mnayoiita Port Bell, bandari ya Uganda, mnabadilisha shehena, mnairudisha. Wekeni kizuizi kila mwisho wa sitaha kabla ya kuinua. Tafadhali msisahau kizuizi.

FundiWaya

Upande wa umeme niseme machache. Watu sita wakiendesha pamoja kwa analogi, kila kipande cha reli kinahitaji swichi yake, na mtashinda mkigombania swichi. Nendeni dijitali, DCC. Kila kichwa kinapewa namba, amri inapita relini pamoja na umeme, na waya ni mbili tu chini ya kila moduli. DCC-EX ni programu ya bure inayokaa kwenye Arduino Mega, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, yenye bodi ya mota, ukiongeza waifai mnaendesha kwa simu zenu.

Waya kuu iwe ya milimita 1.5 za mraba, na kila urefu wa reli ushushiwe kawaya kake. Msitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, baada ya miezi kadhaa hapa ziwani vinafanya utando. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 inatosha kabisa kwa N. Kwa mota za HO wekeni kifaa cha kupandisha hadi 14 au 15. Na fyuzi karibu na betri, maana betri haijui kusimama yenyewe reli zikigusana.

BintiNyegezi

Nakubali SGR iwe yangu kwa N, na nitaijenga Fela.

Kwa mnaokwenda 1:64: kokoto ya njia msinunue. Vumbi la kokoto linalobaki chini ya wagongaji mawe, lichekecheni kwa chujio la chai, lile linalobaki juu ndilo. Ni graniti yetu ileile ya miamba ya jiji. Mkichukua mchanga wa ufukweni, pitisheni sumaku kwanza. Mimi ilitoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, na hizo zingeingia kwenye mota. Gundi nyeupe ya mbao ichanganywe na maji, tone moja la sabuni ya vyombo, mdondoshe kwa sirinji. Bila sabuni tone linakaa juu kama shanga na kusukuma kokoto pembeni.

Mizizi ya magugu maji ikikaushwa kivulini inakuwa vichaka vizuri ajabu.

Ngosha_Reli

Tumekaa jana. Reli ya zamani tunaijenga kwa 1:64 juu ya reli za 16.5, vipande vya sentimita 120 kwa 50, boliti za 8, seremala ndiye anatoboa ncha zote. DCC. Tunaanza na Mwanza Kusini na meli, kisha stesheni ya mjini. Malampaka ni ya tatu, na mzee tunaomba akae pale atoe vibali. Mchoro wa bandari nimeuweka hapo chini.

Mstaafu_Karakana

Nimeuona mchoro. Daraja la kuingilia melini mmelilaza sawasawa na reli ya nchi kavu. Lipeni bawaba upande wa nchi kavu. Ziwa hupanda na kushuka, meli nayo huzama kidogo kila behewa linapoingia, na sisi tulikuwa tunasukuma mabehewa polepole sana pale, mtu mmoja akitembea kando na bendera. Kichwa hakikuingia melini, tuliweka mabehewa matupu katikati ili kichwa kibaki nchi kavu. Ongezeni njia ya pembeni ya hayo matupu, mabehewa matatu yanatosha. Jumamosi nitakuja.