Mliowahi kuponea chupuchupu kwenye boti ya mashine, tupeane uzoefu

Baharia wa Nungwi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Natembeza wageni kwa boti ya faiba, Nungwi hadi Mnemba, mwaka wa tisa huu. Jambo la msimu uliopita linanijia usiku mpaka leo, ndiyo maana nimefungua uzi.

Tulikuwa na wageni saba majini pale mwambani, boti nyingine zimetubana kila upande. Maji yanapwa, mkondo unatusukuma. Nikaiweka mashine fri, yaani gia isiyosukuma boti, nikainama kumpokea mama mmoja miwani yake. Kumbe mkono wa gia haukukaa sawasawa, boti ikaanza kurudi nyuma taratibu. Tezini, yaani nyuma ya boti, alikuwepo mtoto wa miaka kama 12, ameshika ngazi. Baharia wangu ndiye aliyeona povu. Alipopiga ukelele nikavuta kamba ya kuzimia mashine. Pezi la mpira alilovaa yule mtoto lilikatika ncha. Mguu ulipona.

Tangu siku ile fri siiamini. Mashine nyingine propela yake huzunguka hata ikiwa fri. Mtu akiwa majini karibu na tezi, mimi nazima kabisa na kamba naishika mkononi. Kabla ya kuwasha nahesabu vichwa, baharia anahesabu upya, kisha mmoja wetu anakwenda tezini kutazama maji kwa macho yake. Wapo wageni wanaonung'unika kwamba tunawachelewesha. Nawaacha wanung'unike.

Nanyi semeni yenu, hata kama yanauma.

Kijana wa Kilindoni

Pole sana kaka. Huku Mafia msimu wa potwe, yule papa mkubwa, Oktoba hadi Machi, boti nne zinaweza kumfuata samaki mmoja. Nahodha anamkatia njia kwa mbele, anawaambia wageni "rukeni!" na boti bado ina mwendo. Anayeruka kutoka gubetini, yaani mbele ya boti, chombo kinampitia juu, hilo nimeliona kwa macho yangu. Niliyemwona aliokoka kwa sababu alizama chini zaidi ya propela.

Wanaoruka kwangu huingia ubavuni, boti imesimama, mashine imezimwa. Na jua likiinama, kichwa cha muogeleaji kwenye mawimbi hukioni. Kila mgeni wangu anavaa boya la rangi ya chungwa, hata anayejisifu kuogelea.

Mpwani

Nakazia hilo la gubetini. Nikiwa abiria Lamu, kijana aliyekaa ukingoni mwa gubeti alirushwa na wimbi akaangukia kulia. Nahodha, mtu mzima, papo hapo akageuza boti kulia. Mimi nikapiga kelele nikidhani anamkanyaga! Baadaye alinieleza: gubeti likienda kulia, tezi inakwenda kushoto, propela inamkimbia aliyeanguka. Kisha alizunguka pole pole, akaukabili upepo, akazima, akamvuta ubavuni. Sikulijua hilo, na nimezaliwa pwani.

Mama Dagaa

Wanangu, mimi si nahodha, ni abiria wa Ziwa Victoria, nafanya biashara ya dagaa kisiwani Ukara. Mnapozungumza baridi msidhani ni ya Ulaya tu.

Mwezi wa saba mmoja mashine ilitufia jioni katikati ya maji. Mvua ilikuwa imeshatulowesha na upepo ulivuma usiku kucha. Maboya yalikuwepo, lakini yamefungwa kamba na kulaliwa na magunia. Tulihangaika muda mrefu gizani kuyatoa. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne. Alitetemeka sana, halafu akaacha, akawa anasinzia. Mama yake akasema ahsante Mungu, ametulia. Mzee mmoja akamkatalia: huyo hajatulia, huyo anatuacha. Tukamvua nguo zote mbichi. Nilikuwa na kanga mbili kavu ndani ya mfuko wa nailoni, tukamfunga nazo, tukamweka kifuani mwa mama yake, mimi nikamkumbatia kwa nyuma, turubai juu yetu. Alfajiri akaanza kutetemeka tena, na kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Sasa nauliza maboya yako wapi kabla sijapanda. Yakiwa chini ya mzigo, nasubiri boti nyingine.

Mbongo Ontario

Mama, umenitoa machozi. Huku Kanada mwezi wa tano jua linawaka, watu wanavaa fulana, lakini ziwa limetoka kwenye barafu juzi. Rafiki yangu aliteleza akitia nanga. Ni muogeleaji hodari, ila maji ya baridi yalimkata pumzi, akawa anahema ovyo. Boya alilovaa ndilo lililomweka kichwa juu. Huku tunafundishwa hivi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 kabla mikono haijagoma, na saa 1 hivi kabla ya kuzimia. Rafiki yangu alikuwa majini dakika sita au saba, na vidole vyake havikuweza tena kushika kamba. Tulimvuta kwa mikanda ya boya.

Tukampa chai yenye sukari, si pombe, na hatukumsugua.

Baharia wa Nungwi

Mama Dagaa, shikamoo. Hilo la kuacha kutetemeka nilikuwa silijui. Huwarudisha wageni jioni ya kusi wamelowa, nami nimetazama mbele tu. Kesho natia mablanketi kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, liwekwe chini ya benchi la nahodha. Kijana wa Kilindoni, hayo maboya ya chungwa mnayapata wapi?