Seva ya barua pepe: wauza leseni wanatupiga, wasakinishaji wa "bure" wanatutelekeza

Wakuu, salamu. Nina hasira na sitaificha.

Ofisi yetu ipo Dar, watu mia moja na kitu, kila mmoja na barua pepe yake kwenye domeni ya ofisi. Miaka michache nyuma aliitwa mtaalamu wa kampuni moja ya hapa mjini kuishauri bodi. Akawaambia wazee kwamba programu huria (za msimbo wazi, zisizolipiwa leseni) haina mwenyewe, kwa hiyo si salama. Wachukue Exchange 2019, seva ya barua pepe ya Microsoft, walipie leseni mara moja, wamemaliza. Wakasaini. Leseni ya Windows Server, leseni ya Exchange yenyewe, juu yake leseni ya kila mfanyakazi. Na kwa kuwa Microsoft wanapendekeza RAM ya GB 128 kwa Exchange 2019, mashine nayo ikanunuliwa mpya.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakasitisha msaada wa kawaida wa viraka kwa Exchange 2016 na 2019. Jamaa huyo karudi na profoma! Toleo la sasa, Subscription Edition, lilitoka Julai 2025 na linataka leseni ya kulipia kila kipindi, au ya zamani iwe na Software Assurance (mpango wa Microsoft wa kulipia haki ya matoleo mapya) iliyo hai. Hiyo Assurance hakutuuzia wala hakuitaja kikaoni. Na Subscription Edition ilivyotoka mara ya kwanza, msimbo wake ni ule ule wa 2019 CU15, yaani sasisho la 15 la 2019. Sasa "mmemaliza" ilikuwa ya nini?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Barua za wahasibu wetu kwenda Gmail zilianza kurudi na 550-5.7.26, yaani mtumaji hajathibitishwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni yake) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua), IP yake iwe na PTR (rekodi inayoonyesha jina la seva yenye IP hiyo), na anayetuma barua nyingi, kwa Google ni zipatazo 5,000 kwa siku au zaidi, awe na SPF, DKIM na DMARC (agizo la nini kifanyike barua isipothibitika) zote. Nikamuuliza jamaa DKIM inawashwa wapi kwenye Exchange. Kimya. Haipo, wakuu! Exchange ya kusakinisha ofisini haisaini DKIM yenyewe mpaka uongeze programu ya pembeni. Jibu lake likawa bei ya hiyo ya pembeni. Ukiwa na Postfix, programu huria ya kutuma na kupokea barua, kazi hiyo ya kusaini inafanywa na OpenDKIM au Rspamd, nazo ni huria, bila kulipa hata senti. PTR anaiweka mwenye IP, yaani mtoa huduma wa intaneti, na hapo Exchange haikusaidii chochote. Utamwandikia wewe mwenyewe.

Halafu eti programu huria haina mwenyewe. Postfix imeandikwa na Wietse Venema akiwa IBM, ipo tangu 1998 na inatunzwa hadi leo. Dovecot, ile ya kuhifadhi barua na kumfungulia mtumiaji sanduku lake, aliianzisha Timo Sirainen mwaka 2002. Exchange yenye mwenyewe ndiyo iliyovamiwa Machi 2021, hadi mahakama ya Marekani ikawaruhusu FBI kuingia kwenye mamia ya seva za watu na kufuta milango ya nyuma ambayo wenyewe walikuwa hawajaiondoa. Na mwaka 2025 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, limehamisha masanduku zaidi ya 40,000 kutoka Exchange kwenda Open-Xchange, mfumo wa barua pepe wa programu huria. Hao nao hawajui usalama?

Ila nyie wa "bure" msipige makofi. Taasisi moja tunayofanya nayo kazi ilisakinishiwa Zimbra 8.8.15, mfumo mwingine wa barua pepe, na kijana aliyelipwa hela ya kusakinisha tu, akaondoka na nywila ya root, yaani akaunti yenye mamlaka yote kwenye seva. Toleo hilo lilifika mwisho 31 Desemba 2023, na kuanzia la 9 Zimbra hawatoi tena kifurushi kilicho tayari cha toleo huria. Pale bado linatembea. Mnakumbuka tundu la usalama la 2022 kwenye Zimbra, lile la cpio, programu ya kufungua mafaili yaliyofungashwa? Mshambuliaji anatuma kiambatisho, Amavis, kikaguzi cha barua cha Zimbra, ikikifungua kwa cpio ili kukikagua, faili lake linatua kwenye saraka ya tovuti, na hapo ndipo pa kuingilia. Hakuna mfanyakazi aliyebonyeza chochote. Tiba ya haraka ilikuwa kusakinisha kifurushi kidogo kinachoitwa pax, kinachochukua nafasi ya cpio, na kuiwasha Zimbra upya, kazi ya dakika chache. Nani angeifanya pale, wakati hakuna aliyeandikiwa kazi hiyo popote?

Mimi msimamo wangu nimeshaupeleka kwa bosi: Postfix na Dovecot, kwa njia ya mailcow, furushi la programu huria za barua linalokuja navyo pamoja na Rspamd, na hela yote iliyokuwa iende kwenye leseni ilipe mtu wa kuitunza. Bosi anasema bodi haitakubali kulipia utunzaji wa kitu cha bure. Hapo ndipo tunapokwama kila ofisi, na wauza leseni wanapajua vizuri sana.

Mwenye mkataba wa matengenezo ya Postfix au mailcow unaotaja muda wa kuweka viraka, jaribio la kurudisha nakala rudufu, na nywila ya root kukabidhiwa ofisi, tafadhali aweke vifungu vyake hapa, afute majina. Bodi inakaa mwisho wa mwezi.