Pua imebonyea na haivuti hewa baada ya operesheni ya kwanza: irudiwe lini, na gegedu litoke wapi?

Mgeni wa Tanga: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu wa kike, miaka 27. Alivunjika pua kwenye ajali ya bodaboda, akafanyiwa operesheni ya kunyoosha ukuta wa kati wa pua na kuondoa kinundu cha mgongoni. Sasa ni mwezi wa saba tangu operesheni hiyo. Mgongo wa pua umebonyea katikati, na tundu la kushoto linajifunga kila akivuta hewa kwa nguvu. Usiku halali bila matone ya kuzibua pua. Daktari mmoja anataka kurudia mwezi ujao na kumwekea silikoni. Je, si mapema? Na umbo na hewa vinarekebishwa pamoja, au ni operesheni mbili?

Fundi Gegedu: Mapema mno, mkuu. Operesheni ya kurudia kwa kawaida hungoja angalau miezi 12 tangu ile ya kwanza, na ngozi ya ncha ikiwa nene husubiriwa zaidi. Kovu la ndani bado gumu na uvimbe unaficha umbo halisi. Ukifungua sasa unachonga uvimbe. Yasiyongoja ni usaha, damu iliyojikusanya ndani, au kipandikizi kinachotaka kutoboa ngozi.

Umbo na hewa ni kazi moja. Mgongo wa pua unabebwa na ukanda wa gegedu (tishu imara ila laini kuliko mfupa) wenye umbo la L, upande wa juu na upande wa mbele wa ukuta wa kati. Anayenyoosha ukuta huo anatakiwa aache si chini ya sentimita 1 kila upande. Akikata zaidi, au damu ikijikusanya kati ya gegedu na utando unaolilisha, gegedu hufa na paa linadidimia. Paa likishuka, kuta za pembeni zinaegemea ndani, na njia ya hewa inabanwa.

Bi Rehema wa ENT (masikio, pua na koo): Nyongeza kabla ya kisu. Matone ya kuzibua pua (zailometazolini na wenzake) yakipita wiki moja yanaifanya pua ivimbe yenyewe kila dawa inapoisha nguvu. Ayaache kwanza, apewe spurei ya steroidi na daktari, ndipo apimwe upya. Kuna watu wanapasuliwa kwa tatizo la duka la dawa.

Jaribio la nyumbani: kijiti cha pamba cha masikioni, akilowanishe, akiingize taratibu tundu la kushoto na kuinua ukuta wa pembeni milimita chache tu huku akivuta hewa. Ajaribu sehemu mbili: juu, pale mfupa unapoishia, kisha chini kwenye bawa la pua. Ile njia ya kuvuta shavu kwa kidole siiamini sana, maana inafungua karibu pua ya kila mtu.

Mgeni wa Tanga: Ahsante dada. Amejaribu: juu hewa inapita vizuri, kwenye bawa hakuna tofauti. Je, silikoni itasaidia hapo? Na mama yetu ana keloidi (kovu lililoota na kuvimba) begani, sijui kama ina uhusiano.

Fundi Gegedu: Basi inaelekea kuwa valvu ya ndani, yaani pale juu njia ya hewa inapokuwa nyembamba kati ya ukuta wa kati na gegedu la pembeni. Silikoni inakaa juu ya mgongo wa pua. Itajaza shimo machoni pa watu lakini haitafungua njia. Tena kwenye pua yenye makovu inaweza kupata maambukizi au kutokeza nje ya ngozi, hata baada ya miaka. Akatae.

Kinachohitajika ni vipande viwili vya gegedu lake mwenyewe, urefu wa sentimita 2 hadi 3 na unene wa milimita 1 au 2, vishonwe kila upande kati ya ukuta wa kati na gegedu la pembeni. Juu yake kinawekwa kipande cha kuinua mgongo. Gegedu la ukuta wa kati pengine limeshaisha kwenye operesheni ya kwanza. La sikio ni laini na limejikunja. Linafaa bawa na ncha, halibebi paa. Linabaki la ubavu, mara nyingi wa 6 au wa 7.

Ubavu una ubishi wake: hupinda. Ndiyo maana huchongwa kutoka katikati yake, vipande vinalowekwa kwenye maji ya chumvi dakika 15 hadi 30, kisha vinachaguliwa vilivyobaki vimenyooka. Muulizeni daktari anafanyaje hapo. Akisitasita, tafuteni mwingine. Muulizeni pia anavyohakikisha utando wa pafu haujatoboka: kidonda cha kifuani kinajazwa maji, mtu wa nusu kaputi anajaza mapafu hewa, na viputo vikionekana kuna tundu.

Bi Rehema wa ENT: Keloidi ya mama ina uhusiano, ila si puani. Mkato mdogo chini ya ncha ni nadra kuota keloidi. Kifua ndiyo makazi yake. Msikimbilie sikio kwa sababu hiyo, nalo pia huota keloidi. Daktari aambiwe mapema, aweke mkato kwenye mkunjo chini ya ziwa, na sindano za steroidi ziwe tayari kovu likianza kunyanyuka.

Siku ya kuonana na daktari abebe ripoti ya operesheni ya kwanza (ni haki yake kuiomba), picha za uso za kabla ya ajali, na CT scan kama ipo. Achunguzwe kwa kamera ndani: ukuta wa kati ukiwa na tundu, mpango wote unabadilika. Na asikubali sindano ya kujaza shimo kwa sasa. Mishipa ya damu ya pua iliyokwishapasuliwa imehama, dawa ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho.

Mgeni wa Tanga: Na baada ya operesheni?

Fundi Gegedu: Plasta ya nje hutolewa siku ya 5 hadi 7. Asipenge kamasi wiki mbili, akipiga chafya afungue mdomo. Miwani isikae puani wiki 4 hadi 6. Kuoshea pua atumie maji ya drip ya chumvi, asilimia 0.9, si ya bombani. Sigara na shisha aache wiki 4 kabla na 4 baada. Aspirini na ibuprofeni siku 10 kabla, isipokuwa kama aspirini aliandikiwa kwa ajili ya moyo, hapo aulize kwanza. Ncha ndiyo ya mwisho kunywea, inaweza kupita mwaka.