Pikipiki ya kabureta haina nguvu kwenye resi ndogo, ikichanganya inakwenda vizuri. Naombeni ushauri

Mboga_za_Soni:
Habarini wakuu. Mwezi wa pili sasa pikipiki inaninyima usingizi, na ndiyo inayolisha nyumba. Mnivumilie nikiandika kwa kirefu.

Ni ya Kichina, cc 125, injini ya mtindo wa CG ya Honda, kabureta ya kawaida ya waya na pistoni, imetembea kilomita elfu 41. Nashusha karoti na kabichi kutoka Soni, huku milimani Lushoto, hadi Mombo, narudi na mbolea. Resi ndogo haina nguvu. Kuondoka na gia ya kwanza inabidi nivute mafuta mengi na kuachia klachi taratibu, la sivyo inazima. Kwenye zile kona kali za kupanda, nikipunguza mwendo halafu nikataka kuondoka na gia ya pili, inameza (inasita kama inataka kuzima), inakohoa kwenye kabureta, kisha ghafla inashtuka na kwenda. Ikishachanganya haina neno. Barabara ya Mombo kwenda Korogwe inafika 80 vizuri tu.

Asubuhi ikiwa baridi ina nafuu. Ikipata moto ndiyo balaa.

Nimeshabadilisha plagi, koili na CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi). Kabureta imeoshwa mara tatu kwa mafundi wawili tofauti. Wa mwisho anasema ringi za pistoni zimekwisha, tufungue injini. Lakini haitoi moshi wala haipunguzi oili. Sina hela ya kufungua injini kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Kijana_Kijiweni:
Nunua kabureta mpya mkuu, usihangaike. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikaweka mpya ikapona siku hiyo hiyo.

Baridi_ya_Magamba:
Mimi niko Lushoto mjini, huku ni zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 15 chini ya ule wa Tanga mjini, na kabureta haijui hilo, inamwaga mafuta yale yale. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi. Punguza jeti kubwa (kile kitundu kinacholisha mafuta ukivuta mkono wote) namba moja uone.

FundiMwanaidi:
Kaka, kabla hujanunua chochote, nijibu haya. Unaposema resi ndogo, una maana injini inazunguka taratibu, au mkono wa mafuta umefunguliwa kidogo? Watu wanachanganya hivi viwili, na kabureta inajali mkono tu. Unaweza ukawa kwenye mlima, injini inazunguka taratibu, lakini mkono umevuta wote. Hapo inayolisha ni jeti kubwa. Mkono ukiwa umefungwa hadi kama sehemu moja ya nane, inayolisha ni jeti ndogo na matundu yake. Kutoka hapo hadi robo ni ule mkato wa chini ya pistoni ya kabureta. Robo hadi robo tatu ni sindano. Ndiyo maana fundi anayesema "kabureta mbovu" bila kuuliza mkono uko wapi hajakusaidia.

Zungushia utepe wa gundi wa karatasi kwenye mkono wa mafuta na mwingine pembeni kwenye mfuniko wa swichi, chora alama za kufungwa, robo, nusu na mwisho. Endesha, inapomeza angalia alama iko wapi.

Pili: ikiwa inameza, ukivuta choki (ile inayoongeza mafuta) nusu inakuwaje? Tatu: ukisimama na injini ya moto, sailensa (resi ya injini ikiwa imesimama bila kuvuta mafuta) imetulia au inapanda na kushuka yenyewe? Nne: plagi ina rangi gani?

Na la mwisho, tatizo lilianza baada ya nini?

Mboga_za_Soni:
Asante dada fundi. Leo nimefanya ulivyosema. Inameza kati ya kufungwa na robo. Nikivuka nusu inaamka.

Choki nusu: nafuu kubwa! Nilidhani nimekosea nikarudia mara mbili. Inaondoka na gia ya kwanza bila kuzima.

Sailensa haitulii. Nikipiga resi na kuachia, inabaki juu sekunde kadhaa ndipo inashuka, halafu inashuka sana mpaka inataka kuzima. Plagi ni nyeupe.

Ilianza kwa kukosa nguvu ikiwa ya moto tu. Haikuwa inakohoa. Kukohoa kulikuja baada ya kabureta kuoshwa mara ya kwanza, na kila ilipooshwa kulizidi.

FundiMwanaidi:
Umenifurahisha, maana jibu lako la mwisho ndilo lenye kila kitu.

Ndugu wa Magamba, hoja yako ya mwinuko ni ya kweli, lakini mwinuko unaongeza utajiri wa mafuta. Pikipiki yenye mafuta mengi ukiivutia choki inazidi kuzimika, na plagi inakuwa nyeusi yenye masizi. Hii inapona kwa choki na plagi ni nyeupe. Inalia njaa ya mafuta, na njaa yenyewe ni ya mkono mdogo tu. Kupunguza jeti kubwa hakutagusa hapo, kutaiumiza tu kule barabara kuu inakokwenda vizuri.

Yamebaki mawili: jeti ndogo imeziba, au kuna hewa inaingia nyuma ya kabureta bila kupimwa. Mkono ukiwa umefungwa, injini inanyonya kwa nguvu nyuma ya pistoni ya kabureta, na hewa inayopita ni kidogo. Ufa mdogo pale unaongeza hewa ambayo ni sehemu kubwa ya kinachoingia. Ukifungua mkono wote, mnyonyo unapungua na hewa halali inakuwa nyingi, ufa ule ule hauonekani tena. Ile sailensa inayochelewa kushuka ndiyo inayonifanya nishuku ufa.

Kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko. Ukiizungusha nje ndani, sailensa inabadilika?

Mboga_za_Soni:
Haibadiliki hata kidogo. Nimeifungua mizunguko mitatu, ni ile ile.

Kijana_Kijiweni:
Mwagia petroli kidogo pale kabureta inapokutana na injini ikiwa inaunguruma. Resi ikibadilika, hewa inapita hapo. Sisi ndivyo tunavyofanya.

Mzee_Spana:
Usifanye hivyo mwanangu. Ekzosi ni ya moto, waya wa plagi uko hapo hapo, na tangi lako liko juu yake. Nimeona pikipiki ikiungua kwa jambo hilo hilo na kijana mikono yake haikurudi kama ilivyokuwa. Chukua chupa ya kupulizia maji, yale ya kunyunyizia maua. Injini ikiwa kwenye sailensa, puliza ukungu kidogo kidogo kwenye maungio, upande wa injini, si kwenye mdomo wa chujio la hewa. Maji yakiziba ufa kwa sekunde moja tu, mlio utabadilika na sikio litakuambia.

Mboga_za_Soni:
Shikamoo mzee. Nimefanya kwa maji. Upande wa kulia, pale kabureta inapofungwa kwa boliti mbili, nikipuliza mlio unabadilika kila mara. Upande wa kushoto hakuna kitu.

Mzee_Spana:
Marahaba. Sasa fungua hizo boliti mbili. Kati ya kabureta na injini utakuta kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto, na kabureta ina oringi (pete ya mpira) kwenye uso wake. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwenye uso wa kabureta kutoka tundu la boliti hadi la pili, tazama mwanga kwa nyuma.

Mboga_za_Soni:
Mwanga unapita! Masikio mawili yenye matundu yamevutwa mbele, yanaigusa rula, na katikati kuna nafasi. Oringi imekuwa bapa na ngumu kama plastiki.

FundiMwanaidi:
Ndiyo hiyo. Uso wa kabureta ni chuma laini. Fundi akikaza boliti kwa nguvu zake zote, masikio yanapinda. Na kabureta yako imefunguliwa na kukazwa mara tatu, kila mara na oringi ile ile ya zamani. Hao walioiosha hawakuwa na nia mbaya, lakini waliiharibu.

Weka karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo, toa oringi, sugua uso wa kabureta kwa kuzungusha mchoro wa namba nane. Dakika chache, pima kwa rula, rudia. Usisugue sana mpaka mfereji wa oringi ukapungua kina. Osha vumbi lote, pulizia kila tundu kwa upepo. Weka oringi mpya ya kustahimili petroli. Kaza boliti zamu kwa zamu mpaka zishike, basi.

Mzee_Spana:
Na ukiwa umeifungua, tazama ile jeti ndogo juani. Tundu liwe duara safi. Likiwa limeziba, lowesha kwenye petroli na upulize upepo. Anayechokonoa kwa waya anapanua tundu na hutapata sailensa nzuri tena na jeti hiyo.

Mboga_za_Soni:
Nimerudi, samahani kwa siku nne za kimya, nilisubiri oringi kutoka Tanga.

Kukohoa kumeisha kabisa. Sailensa inashuka mara moja nikiachia mkono, na skrubu ya mchanganyiko sasa inasikia. Nimeitafuta mpaka resi ikawa juu zaidi, iko kama mzunguko mmoja na nusu. Plagi imeanza kuwa rangi ya kahawa. Siwezi kueleza furaha niliyonayo.

Lakini nisiseme uongo: ikipata moto, baada ya kupanda kama nusu saa, bado inalegea kwenye resi ndogo. Haikohoi, inalegea tu.

FundiMwanaidi:
Hilo ndilo tatizo lako la kwanza kabisa, lile la kabla ya kuoshwa. Tapeti (zile nafasi za valvu) mara ya mwisho zilipimwa lini, na kwa nini?

Mboga_za_Soni:
Fundi alizifunga miezi mitatu iliyopita kwa sababu zilikuwa zinalia. Alitumia mkono, alitikisa akasema sawa. Injini ilikuwa ya moto, nilikuwa nimetoka safari.

FundiMwanaidi:
Basi nina hakika kubwa. Tapeti ikibanwa sana, injini ikipata moto valvu inarefuka na haifungi sawasawa. Kompresheni inavuja. Injini ikizunguka taratibu kuna muda wa kuvuja. Ikizunguka haraka muda huo haupo, ndiyo maana ikichanganya unaona nzima. Na hiyo ndiyo iliyomfanya fundi afikirie ringi.

Iache ilale usiku mzima. Asubuhi zungusha injini mpaka alama ya T ya sumaku (pistoni ikiwa juu kabisa) ikae sawa na valvu zote mbili zikiwa zimefunga, utasikia mikono yote miwili ya tapeti ina uhuru. Injini za CG zinapimwa 0.08 milimita, ya kuingiza na ya kutoa. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Tumia geji ya majani (vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), usitumie mkono. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo.

Mboga_za_Soni:
Ya kuingiza ilikuwa na nafasi ndogo, hata jani la 0.05 lilipita kwa shida. Ya ekzosi haikuwa na nafasi kabisa, hata jani jembamba kuliko yote halikuingia. Nimeweka 0.08 zote.

Jana jioni nimepanda kutoka Mombo hadi Soni na mifuko miwili ya mbolea. Kona zile zote nimeondoka na gia ya pili bila kugusa klachi. Dada fundi, mzee, Mungu awabariki. Tapeti zinalia kidogo sasa, je, niziache?

FundiMwanaidi:
Ziache. Tapeti inayolia kidogo valvu yake inafunga. Ila usimalizie hapo: baada ya kilomita 1,000 pima tena ikiwa baridi, hasa ya ekzosi. Ikibaki 0.08, tatizo lilikuwa mkono wa fundi. Ikiwa imebana tena yenyewe, valvu inazama kwenye kiti chake, na hapo ndipo utafungua kichwa cha injini, kichwa tu, kabla haijaungua.

Mboga_za_Soni:
Nimeandika kilomita za leo kwa rangi chini ya kiti: 41,260. Ikifika 42,260 nitaleta jibu hapa hapa.